Kidole Gumba na Kisigino

Onduparaka, jirani na mji wa Arua, mguu ni mali ya umma. Tangu timu yao ya soka, Viwavi, ipande Ligi Kuu ya Uganda mwaka 2016, kila kijiwe kina bingwa wa magoti na vifundo. Mguu unaonishangaza mimi ni mdogo zaidi: wa kichanga aliyezaliwa na nyayo zilizopinda, unyayo umetazama ndani, kisigino kimepanda. Duniani hali hii humpata takriban mtoto mmoja kati ya 1000.

Ignacio Ponseti, daktari Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, hakuwa na haraka ya kisu. Alichunguza viungo hivyo vidogo mpaka akaelewa kwamba mifupa ya unyayo haijipindui mmoja mmoja. Huzunguka pamoja, chini ya mfupa mmoja uliokaa ndani ya kifundo: talasi.

Kwa hiyo fundi wa njia yake huanza kwa kupapasa. Anatafuta kichwa cha talasi, kinundu kilicho upande wa nje, mbele kidogo ya kifundo. Akikipata anakikingia kidole gumba, kisha mkono wa pili unausogeza mguu kwenda nje, taratibu, mtoto akinyonya. Kisigino hakigusi. Hapo ndipo mikono mingi hukosea, maana kisigino ndicho kinachoonekana kibaya, na mkono hukikimbilia. Kumbe ukikishika umekizuia kuzunguka. Kiache, kitafuata wenzake.

Kisha plasta, kuanzia vidoleni hadi pajani, goti limekunjwa ili isichomoke. Wiki nzima kano changa zinajinyoosha. Inafunguliwa, mguu unasogezwa tena, inafungwa nyingine. Plasta tano au sita kwa kawaida hutosha. Mara nyingi hufuata mkato mdogo kwenye kano ya kisigino, ambayo hujiunga upya ndani ya plasta ya mwisho, kwa wiki 3 hivi.

Shafique Pirani, mzaliwa wa Uganda na daktari wa mifupa huko Canada, ni miongoni mwa walioleta ufundi huu Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Hawakuufungia kwa madaktari wa upasuaji. Waliwafundisha pia maofisa tabibu wa mifupa. Nadhani huo ndio uamuzi uliookoa miguu mingi, kwani vidole vinavyojua kupapasa havihitaji jengo kubwa.

Baada ya plasta ya mwisho inabaki miaka ya kuvaa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma: miezi mitatu ya kwanza karibu saa zote, kisha usiku hadi mtoto afikishe miaka minne hivi. Michiel Steenbeek alivibuni Katalemwa, Kampala, kwa ngozi na chuma ambavyo fundi viatu na mchomeleaji wa hapa wanavimudu. Nyuma ya kila kiatu kuna tundu. Mzazi akichungulia akaona kisigino kimekaa chini, kiatu kimevaliwa sawasawa. Asipokiona, afungue kamba aanze upya.