Sikio Juu ya Bakuli

Mkesha wa Idi, nyumba yetu ya Kabambare, mkoani Maniema, Kongo, ilinguruma kabla mwezi haujaandama. Mchele ulishalowekwa, ukachujwa, ukatandazwa kwenye lungo upungue maji: usikauke ukaruka vumbi, usilowe ukagandama kinuni. Kisha mama na dada wakashika mitwangio, mmoja akipandisha mwingine akishusha, kinu kimoja. Mkono wa mtoto ulikuwa na sekunde moja tu ya kuchota unga. Niliwahi kukosea hesabu; ukucha wa kidole hiki bado umepinda.

Kazi yote ni ya mikate ya mchele. Unga wa ngano ukikandwa huvutana wenyewe na kufunga hewa ndani. Mchele hauna nguvu hiyo. Ukiuchachusha hivi hivi, mapovu hutoroka na wewe unabaki na tofali. Dawa iko katika chenga, zile punje zinazokataa kupita kwenye chekeche. Mama hakuzirudisha kinuni. Alizipika uji mzito, akaupoza mpaka kidole kivumilie, akauchanganya na unga mbichi, chachu, sukari na chumvi kidogo. Uji ndio unaoshika mapovu. Yeye aliuita kamba, wala hakuhitaji maelezo zaidi.

Mwaka mmoja nilijitia mwerevu. Kila alipotaka kumimina maji, nilitanguliza kikombe nipime, niandike. Aliniachia. Idi iliyofuata nilifuata daftari langu na unga ukawa mchuzi, maana safari hiyo mchele ulikuwa wa mavuno mapya, nao haunywi maji kama uliokaa ghalani. Mama alilisoma daftari, akauliza, "Mchele wa nani huu umeandika?"

Mwambao wanatia tui la nazi. Sisi hatuna minazi, tuna mingazi, yaani michikichi, na mawese yetu hayaingii ndani ya mkate. Yanapakwa sufuria tu, ndiyo maana ukingo wa mikate yetu una wekundu. Mpunga wenyewe ulifika Maniema na misafara ya Waungwana, wafanyabiashara Waislamu wa pwani, kwa njia ya Ujiji na Kabambare kwenda Kasongo, mji wa Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa kati yao. Hinde, daktari Mwingereza aliyeingia Kasongo na jeshi la Wabelgiji mwaka 1893, aliyakuta huko mashamba makubwa ya mpunga. Nani aliyalima, na kwa hiari ya nani, si vigumu kukisia: misafara ile ile ilibeba pembe na watumwa. Bibi zetu walibaki na mbegu, wakaifanya chakula cha sikukuu. Nikila mkate wa Idi silisahau hilo, na mkate haupungui utamu.

Jambo nililochelewa kulielewa ni kusubiri. Bakuli lilifunikwa kitambaa, likawekwa karibu na mafiga, na usiku mama aliamka mara mbili tatu. Hakufunua. Aliinama akatega sikio. Unga uliokomaa unatoa mlio mdogo, kama mvua inayoanza kwenye majani ya mgomba. Mlio ukiwa wa haraka mno, umeshapitiliza, utakuwa mchachu. Alfajiri aliumimina kwenye sufuria, akafunika, akaweka makaa juu ya kifuniko na machache chini. Ya juu mengi, ya chini kidogo; wengi hugeuza, wakaunguza tako la mkate na uso ukabaki mbichi.

Sasa naishi Bukavu. Natumia unga wa mashine, ambao hutoka na joto na hauna chenga, kwa hiyo namega sehemu ya unga na kuipika uji. Kamba ni kamba. Mkesha wa Idi iliyopita nilimpigia mama, nikamwambia nadhani uko tayari. Akasema nisogeze simu kwenye bakuli. Nilisogeza, nikanyamaza. Nikasikia upande wa pili jogoo wa Kabambare, na pumzi yake.

"Bado," akasema. "Funika."