Opereta Hatokei Ubaoni: Mafunzo ya Viwanda vya Nguo Yakitazamwa kutoka Chilangala

Kitambaa kinachowasumbua watu wengi zaidi huku Chilangala, wilayani Newala, si khanga wala kitenge. Ni gunia. Msimu wa korosho ukikaribia, swali la kwanza linaloulizwa ghalani ni kama magunia yamefika. Korosho ghafi hutiwa kwenye gunia la juti au la katani, kilo 80 hivi, kwa sababu gunia hilo linapumua. Kiroba cha plastiki huifukiza korosho mpaka ikaharibika. Sehemu kubwa ya magunia hayo hutoka Asia. Huko yanakofumwa kuna mtu anayesimamia mashine zaidi ya moja kwa zamu nzima, naye alifundishwa kazi hiyo. Namna anavyofundishwa ndiyo ninayotaka kuichambua, maana Newala na Masasi kila mwaka kuna vijana wanaopelekwa kujifunza ushonaji na wazazi wao wakiamini wanaandaliwa kwenda kiwandani. Kwa jinsi kozi nyingi zilivyo, hawaandaliwi kwa hilo.

Tuanze na mahali penyewe. Pamba hailimwi huku, na si kwa sababu ya uvivu wa mtu. Mikoa ya kusini iliwekewa karantini tangu enzi za Mwingereza ili funza mwekundu, anayetoboa vitumba vya pamba, asisambae mpaka kwenye mashamba ya Kanda ya Ziwa. Historia ina kejeli zake: Mjerumani aliwalazimisha watu wa kusini kulima pamba, mwaka 1905 Wamatumbi wa Nandete wakaing'oa na vita vya Majimaji vikaanza, kisha mkoloni aliyefuata akaja na amri ya kuikataza. Pili ni maji. Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala unaliona bonde la Ruvuma chini yako, lakini watu wanaishi juu, na maji hupandishwa kwa pampu. Kiwanda cha kutia rangi na kuchapa vitambaa hunywa maji usiku na mchana. Kwa sababu hizo mbili, sitarajii kiwanda kamili cha nguo kijengwe juu ya uwanda wa Makonde, na anayewaahidi vijana kiwanda hicho anawapotezea muda. Kilichobaki ni kushona, au kusafiri.

Mfano mzuri wa kufundisha maopereta inabidi tuufuate Ubungo, Dar es Salaam. Kiwanda cha Nguo cha Urafiki kilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba, na Mwalimu Nyerere akakifungua mwaka 1968. Pamba iliingia upande mmoja ikiwa robota, ikatoka upande wa pili ikiwa khanga. Kiliajiri watu wapatao 3,000 katika nchi ambayo viwanda vya nguo vilikuwa vya kuhesabika, kwa hiyo wengi walioingia getini hawakuwahi kuona bobini ikizunguka. Mwaka 1964 Zhou Enlai alikuwa ametangaza kanuni nane za misaada ya China, na mojawapo ilisema kwamba msaada wa kiufundi haujakamilika mpaka watu wa nchi inayosaidiwa wawe wameimiliki kazi yenyewe. Katika kiwanda cha nguo, kanuni kama hiyo haitekelezwi kwa daftari. Mwalimu anasimama kwenye mashine, mwanafunzi anasimama pembeni yake, na pale lugha inapokwama mkono unafanya kazi ya mdomo.

Mkono huo unafundisha nini? Chukua mashine ya kusokota uzi. Ina mamia ya bobini zilizopangwa safu ndefu, kila moja ikizunguka maelfu ya mara kwa dakika. Uzi hukatika, hata mashine ikiwa mpya na pamba ikiwa safi. Opereta anaisimamisha bobini ile moja tu, kwa goti au kwa kiganja, nyingine zote zikiendelea. Anaitafuta ncha ya uzi, anaipitisha chini ya kipete kidogo cha chuma kinachokimbia juu ya pete kubwa, anaipandisha kwenye ndoano ya juu, kisha anaigusisha na pamba laini inayotoka kati ya rola huku akiiachia bobini. Zikishikana, uzi umeunganika. Mzoefu anamaliza kwa sekunde chache, macho yake yakiwa tayari yamehamia kwenye bobini nyingine. Mgeni ama anaacha uvimbe utakaoonekana mpaka kwenye khanga, ama anachelewa, pamba inajiviringisha kwenye rola na nyuzi za jirani zinakatika nazo.

Hiyo, hata hivyo, ni sehemu ndogo ya kazi, na ndiyo rahisi. Ngumu ni kutembea. Mfumaji ana vitanda kadhaa vya kufumia, na kila kimoja husimama chenyewe uzi wa urefu, yaani mtande, unapokatika au uzi wa upana, yaani mshindio, unapokwisha. Vikisimama viwili kwa pamoja, aanze na kipi? Asiyefundishwa hukimbilia kilicho karibu. Aliyefundishwa huanza na chenye tatizo dogo, kwa sababu kitarudi kazini upesi na kuendelea kufuma wakati yeye anahangaika na kile kigumu. Tena hasubiri kiite: anazunguka kwa njia ileile, anagusa nyuzi zilizolegea, anaona mshindio unaokaribia kuisha. Ukimwangalia kwa mbali utadhani anatembea tu. Uzalishaji wa ukumbi mzima umo katika matembezi hayo, na hakuna mtihani wa kuandika unaoweza kuyapima.

Mwatex, kiwanda cha nguo cha Mwanza cha miaka hiyohiyo, ilifuata njia nyingine: mitambo ya Kifaransa iliyojiendesha zaidi, mikono michache zaidi. Wachumi wamevilinganisha sana viwanda hivi viwili kwa hesabu za mtaji na ajira. Mimi naangalia nafasi ya mwanafunzi. Penye mikono mingi, mgeni anaweza kusimama wiki kadhaa karibu na mzoefu bila kuharibu hesabu za zamu. Penye mikono michache kila opereta ameshika mashine nyingi, kosa lake ni ghali, na hakuna wa kumwangalia. Inabidi aive kabla ya kuingia. Viwanda vya leo vinafanana na Mwatex kuliko Urafiki, lakini sisi bado tunamtegemea mzoefu wa pembeni kana kwamba yupo.

Miaka ya 1980 viwanda vya nguo vya umma vilifanya kazi chini kabisa ya uwezo wake, na lawama nyingi zikawaangukia wafanyakazi. Si haki. Fedha za kigeni za kununulia vipuri hazikuwepo, umeme na maji vilikatika, na opereta hodari hawezi kuunga uzi kwenye mashine isiyo na mkanda. Huku kusini tunalijua jambo hili kwa njia ya korosho: viwanda vya kubangulia vilijengwa Newala na Masasi kwa mitambo kutoka ng'ambo, wakati huohuo mavuno ya nchi yakiporomoka kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi 16,500 hivi msimu wa 1986/87. Ungewafundisha watu utakavyo, cha kubangua hakikuwepo. Bado upande wa mafunzo nao ulikuwa na pengo lake: tuliandaa waendeshaji tukasahau wataalamu wa kuiweka mashine sawa. Shahada ya uhandisi wa nguo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuja miongo minne hivi baada ya Urafiki kufunguliwa.

Mwenye mashine nyingi na wazoefu wachache afanyeje? Swali hili lilijibiwa zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Marekani iliwaingiza kwa haraka viwandani watu wasio na ujuzi, ikaanzisha mpango wa mafunzo ya ndani ya viwanda, TWI (Training Within Industry), uliodumu kutoka 1940 hadi 1945 na kuwapitisha wasimamizi zaidi ya milioni moja na nusu. Msimamizi alifundishwa kufundisha kwa hatua nne: mwandae mtu, mwonyeshe kazi, mwache ajaribu, mfuatilie. Uingereza nako, W. Douglas Seymour alichapisha kitabu mwaka 1954 kuhusu mafunzo ya kazi za mikono viwandani. Alimtazama mzoefu na kuandika mkono wa kushoto unafanya nini, wa kulia unafanya nini, na jicho liko wapi wakati huo. Kisha kila kipande kilifanyiwa mazoezi peke yake mpaka kifikie kasi ya mzoefu, ndipo vipande vikaunganishwa, na mwisho muda ukarefushwa kidogo kidogo mpaka mwanafunzi amudu zamu nzima. Kilichokuwa kimefichika katika mikono ya mzee wa zamu kikawekwa mezani.

Sasa turudi kwenye cherehani. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, vikiwemo vya Masasi na Newala, vilitokana na fikra za Mwalimu Nyerere alizozichota kwenye vyuo vya Sweden, na vilianza mwaka 1975. Ushonaji wa vyuo vya namna hii, kama ule wa VETA, unamtoa mtu anayeijua nguo nzima: anapima, anakata, anashona, anapiga pasi. Hilo ni jambo jema. Fundi anayefungua kibanda Kitangari au Lulindi anahitaji yote hayo, pamoja na uvumilivu wa mteja aliyeleta kitenge leo na harusi ni kesho.

Kiwandani hali ni nyingine. Suruali ya jinzi imegawanywa katika hatua nyingi, na wewe umepewa moja, tuseme kushona mfuko wa nyuma. Utashona mifuko hiyo leo, kesho na mtondo. Mashine yako inaweza kufikia mishono 5,000 kwa dakika, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika: wanadhani kasi iko mguuni. Wanaopima kazi hii wanakadiria kwamba sindano hutembea kwa robo hivi tu ya muda. Robo tatu zinazobaki ni kuokota kipande, kukilaza, kukilinganisha na alama, kukigeuza, kukata uzi, kukiweka kando. Fundi wa kawaida huokota kwa mkono mmoja, akakilaza, ndipo akatafuta kipande cha pili. Opereta aliyefundishwa ameshika viwili kwa pamoja, mkono wa kushoto ukiondoa kilichoisha huku wa kulia ukileta kinachofuata.

Ndiyo maana zoezi la kwanza la shule nyingi za viwandani halina hata uzi. Mwanafunzi anapewa karatasi yenye mistari, sindano tupu, na kuambiwa aifuate mistari: iliyonyooka, ya pembe, ya duara. Matundu yanasema ukweli wote. Anajifunza kusimamisha sindano mahali hasa panapotakiwa, kwa mguu mwepesi. Kisha vipande vya kitambaa, kwa saa. Kimoja, vitano, ishirini, nusu saa mfululizo, saa nzima. Binti anayetoka kozi ya miezi mingi na cheti kizuri, akiwekwa kwenye jaribio la namna hiyo bila kuwahi kuhesabiwa dakika, anaonekana mzito. Si mzito. Alifundishwa kazi nyingine.

Njia ya kuziba pengo hilo ipo. Kupitia Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi iliyoanza mwaka 2016 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, Serikali imegharimia vijana kufundishwa ndani ya viwanda vyenyewe, kikiwemo cha Tooku pale Mabibo kinachoshona nguo za kuuzwa Marekani. Waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi wanalipa kodi ya kuendeleza ujuzi, iliyoshushwa hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Fedha hiyo inakusanywa kwa ajili ya ujuzi, na kwa maoni yangu opereta wa nguo ni mmoja wa watu wa kwanza wanaostahili kuiona. Tatizo kwa kijana wa Chilangala ni kwamba viwanda hivyo viko Dar es Salaam, Morogoro na Arusha. Akifika huko bila msingi wowote wa kazi ya mstari, wiki za mwanzo zinamla nauli, kodi ya chumba na moyo.

Msingi huo unaweza kuwekwa hukuhuku, na hauhitaji jengo jipya. Chuo kinahitaji mashine tano au sita za viwandani zilizopangwa mstari mmoja: za mshono wa kawaida, ovaloki, na ya vifungo. Zichaguliwe zenye mota ya sevo, ambayo hula umeme kidogo kuliko zile za kizamani zinazozunguka hata mshonaji akiwa amepumzika. Kazi ya mstari isikosewe: sare za shule, kwa kuwa zinafanana, zinahitajika nyingi kwa mara moja, na wazazi huzitafuta Desemba na Januari, fedha za korosho zikiwa zimeingia. Kozi yenyewe isifunguliwe Oktoba, vijana wakiwa chini ya mikorosho. Anayetaka kibanda chake aendelee na nguo nzima. Anayetaka kiwanda apewe mwezi wa mwisho kwenye mstari, hatua moja, saa mkononi, idadi yake ikiandikwa ukutani kila siku. Wahitimu wakiunda kikundi, ipo asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu.

Wakuu wa vyuo na halmashauri za Newala na Masasi nawaomba jambo moja kabla ya yote hayo. Msinunue mashine kwanza. Mpelekeni mwalimu wenu wa ushonaji Mabibo au Morogoro, akae kwenye mstari wa uzalishaji wiki mbili, ashone mfuko mmoja mpaka afikie idadi ya kiwanda, na arudi na vipimo vya muda alivyoviandika mwenyewe. Gharama yake ni nauli ya basi, chumba na posho.