Namna ya Kumtambua Mkandaji Hodari

Ukiuliza Mbagala, Tandika au Mwananyamala, jijini Dar es Salaam, nani mkandaji mzuri, mara nyingi utatajiwa mwenye nguvu. "Yule mama ana mkono, alinikanda mpaka nikalia." Sifa hiyo imewaacha watu wengi na michubuko, na imewafanya wakandaji vijana waamini kwamba kazi yao ni kupambana na misuli ya mteja. Mkandaji hodari hupimwa kwa maswali anayouliza kabla ya kugusa na kwa kazi anazozikataa. Nguvu huja baadaye, tena kwa kiasi.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetafuta mtu wa kumkanda: dereva wa bodaboda mwenye kiuno kinachouma, mchukuzi wa Kariakoo, fundi cherehani aliyekakamaa shingo, mama lishe anayesimama tangu alfajiri. Kijana anayejifunza kazi hii naye ausome, ajue atapimwaje.

Maswali kabla ya mafuta

Mjuzi hakulazi ukifika tu. Atauliza unafanya kazi gani, unalala vipi, uliwahi kuanguka, unatumia dawa gani, una presha au kisukari. Mwanamke atamuuliza kama ana mimba au amejifungua karibuni. Kila swali lina sababu yake. Mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza kuwa na ganzi nyayoni, hivyo hatasema "inatosha" hata akikandamizwa kupita kiasi. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande huvilia damu kwa mkandamizo mdogo tu.

Nilimwona mama mmoja wa Mbagala akipokea kijana wa bodaboda aliyelalamikia mguu wa kulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza nikuone."

Alimpandisha suruali miguu yote miwili, akaweka mgongo wa kiganja kwenye shavu la mguu wa kulia, akahamia la kushoto, akarudi kulia. Ule wa kulia ulikuwa umevimba na una joto. "Huu siugusi, mwanangu. Nenda Hospitali ya Temeke leo hii wakupime." Hakuchukua hata shilingi. Mguu mmoja unaovimba, wenye joto na maumivu, unaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa. Ukiuchua, bonge hilo laweza kusafiri hadi mapafuni na kuua. Mama yule alikataa pesa ya siku, na hapo ndipo nilipojua kwamba kazi yake anaijua.

Mikono, na mwili ulio nyuma ya mikono

Mtazame anavyosimama. Anayejua hutanguliza mguu mmoja, hunyoosha mgongo, na uzito wa mwili wake ndio unaokandamiza. Kitanda chake hufika usawa wa vifundo vya vidole vyake akiwa amesimama na mikono imening'inia. Mkeka nao haupunguzi ubora wa kazi. Nuad Thai, ukandaji wa Thailand ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2019 kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, hufanyika chini, mkandaji akitumia viganja, viwiko, magoti na nyayo. Lakini anayetegemea dole gumba peke yake huchoka mapema, na miaka ikipita viungo vya vidole vyake huharibika.

Mafuta huyamimina kiganjani mwake, akayasugua yapate joto, ndipo akuguse. Huanza kwa viganja vipana, taratibu, akisikiliza wapi pamekaza. Kwenye mikono na miguu, misukumo mirefu huelekea upande wa moyo. Akifikia fundo hukandamiza unapotoa pumzi, husubiri misuli ilegee, kisha ndipo huongeza. Hapandi juu ya uti wa mgongo wenyewe, hufanya kazi pembeni yake. Mbele ya shingo na nyuma ya goti hapakandamizi, na usawa wa figo hupita kwa mkono mwepesi.

Kuhusu maumivu, jipime mwenyewe. Yapo yanayokufanya ushushe pumzi ndefu, na hayo yanavumilika. Yapo yanayokufanya uzuie pumzi na kukunja ngumi. Hapo misuli inajikaza kujilinda, na kila nguvu inayoongezwa inapotea bure. Mkandaji makini huiona ngumi yako kabla hujasema neno.

Somo jingine liko Temeke, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mchua misuli wa timu, kabla ya mechi, hufanya haraka na kwa wepesi ili misuli iamke. Mechi ikiisha hupunguza mwendo. Mchezaji aliyeteguka dakika hiyo hachuliwi, huwekewa barafu. Jirani anayekimbilia kuchua kifundo kilichoteguka jana anazidisha uvimbe, hata kama nia yake ni njema.

Mafuta

Nusa kabla hujalala. Mafuta ya nazi au ya ufuta yaliyochacha hujitangaza yenyewe. Mafuta ya karafuu ya Pemba ni mazuri yakiwa matone machache ndani ya mafuta ya nazi. Yakiwa matupu huunguza ngozi. Dawa ya kuchua ya dukani huleta joto la juujuu, na joto hilo halithibitishi kwamba misuli imelegea. Anayekataa kukwambia kilichomo kwenye chupa kwa madai ya siri ya ukoo, usimpe mgongo wako.

Stara

Kucha fupi, mikono iliyooshwa mbele yako, shuka safi kwa kila mteja. Hufunuliwa sehemu inayokandwa tu, kwingine kote kumefunikwa kanga au shuka. Ukisema "hapo basi", anaacha bila kuuliza mara ya pili. Jina la kazi hii limechafuliwa na vyumba vinavyotumia masaji kama pazia la biashara nyingine, na wanaoumia zaidi ni wanawake na wanaume wanaoifanya kwa heshima. Anayelinda stara yako analinda na heshima yao.

Anachoahidi

Mwogope anayesema ataponya kisukari, ataunga mfupa au atamgeuza mtoto tumboni. Mfupa uliovunjika ni wa hospitali, na ukizidi, ni wa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto ni desturi yenye huruma ndani yake, lakini maji yanayounguza hayafai, na aliyejifungua kwa upasuaji hakandwi tumbo wakati kidonda hakijapona. Anayejitangaza kuwa tabibu wa tiba asili au tiba mbadala muulize usajili wake kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002. Cheti hakithibitishi mikono, lakini anayekasirika ukimuuliza amekwisha kujibu. Mkandaji mwenye hekima anamjua mtaalamu wa fiziotherapia wa kumpelekea mteja pale kazi inapomzidi.

Siku zinazofuata

Usitoe hukumu ukiwa bado umelala pale kitandani. Kesho yake uchovu kidogo ni wa kawaida. Michubuko, ganzi, au maumivu yanayoshuka mguuni si ya kawaida. Siku ya tatu, jaribu jambo lililokuwa likikushinda: kugeuza shingo kutazama gari nyuma, kuinua ndoo ya maji, kuchuchumaa. Hapo ndipo jibu lilipo.

Kumbuka pia maneno aliyokuaga nayo. Kama alisema urudi kila wiki bila kueleza kwa nini, tafuta mwingine. Kama alikwambia uinue kiti cha cherehani, ubadilishe bega unalobebea mzigo au ushuke kwenye pikipiki kila baada ya muda ujinyooshe, ameuona mwili wako pamoja na maisha yanayouchosha. Huyo mlipe vizuri, na mtaje kwa jirani zako, kwa sababu anataka upone hata kama kupona kwako kutampunguzia mteja.