Ustahimilivu: Neno Moja katika Tafiti za Mombasa na Mashamba Yake

Katika miaka hii ya karibuni, mtafiti afikaye pwani ya Kenya kuchunguza maendeleo ya vijiji haji bila ya neno moja katika hojaji yake, nalo ni ustahimilivu. Neno hili limefanywa kuwa tafsiri ya istilahi ya Kiingereza iliyotoka katika elimu ya mazingira. Huko C. S. Holling, mtaalamu wa ikolojia wa Kanada, aliitumia mwaka 1973 kueleza jinsi msitu au ziwa liwezavyo kupatwa na msukosuko mkubwa na bado likaendelea kuwa msitu au ziwa. Kutoka katika misitu na maziwa, istilahi hiyo ikahamia kwa wanadamu, ikaingia katika sayansi za jamii, kisha katika hati za serikali na za wafadhili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tafsiri iliyopatikana haikugeuza neno tu, bali imegeuza na swali lenyewe. Na kwamba baadhi ya vitabu vilivyoandikwa juu ya Mombasa kabla neno hili halijavuma vinaweza kutuonyesha swali lingeulizwaje.

Tuanze na neno. Kitenzi stahimili asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake una maana ya kubeba. Katika mzizi huo huo tumepata himila, yaani mzigo, na hamali, yaani mchukuzi. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa hamali ni nani, kwa kuwa bandari zote mbili za kisiwa, ile ya kale na ile ya Kilindini, zilisimama juu ya mabega ya mahamali. Basi mwenye kustahimili, kwa maana ambayo mzungumzaji wa Kiswahili anaielewa bila ya kufikiri, ni yule aliyetwikwa mzigo akaubeba na asinung'unike. Tunamsifu kwa sifa hiyo mgonjwa, na mfiwa, na mke aliyekaa katika ndoa nzito. Istilahi ya Kiingereza, kwa upande wake, inatokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuruka na kurudi. Moja linamtazama mtu akiwa chini ya mzigo. Jingine linamtazama akiwa amekwisha kuinuka.

Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Tuseme mtafiti yuko Kinango, katika Kaunti ya Kwale, ambako mvua haitegemewi, naye anamwuliza mama mwenye mbuzi watatu kama kaya yake ina ustahimilivu wa ukame. Mtafiti anataka kujua kama mama huyo ana njia ya kuinuka mvua ikirudi. Mama anasikia akiulizwa kama ana subira. Atajibu kwamba anayo, wala hatakuwa amesema uwongo, na ni mtu gani mwenye heshima zake atakayemwambia mgeni kwamba hana subira? Jibu lake litatiwa alama, litajumlishwa na mengine, na mwishowe litasomwa katika ofisi ya mbali kuwa ni ushahidi wa uwezo. Mwenye subira kubwa kuliko wote ndiye atakayeonekana ana haja ndogo kuliko wote. Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo, kwa sababu kuna watu ambao watapewa au watanyimwa kwa mujibu wa majibu hayo.

Wala Kiswahili hakikukosa maneno ya maana iliyotakiwa. Jahazi likipanda fungu husemwa limekwama. Mabaharia hupunguza shehena, hungojea maji yajae, husukuma, nalo likakwamuka. Kujikwamua ni neno la kila siku, na ndani yake mna mambo matatu ambayo ustahimilivu hauna: kizuizi, kazi ya watu, na wakati. Tunalo pia neno kikoa, yaani utaratibu wa watu kulishana kwa zamu, ambao aliyekula kwa mwenzake leo ndiye atakayepika kesho. Tunalo ujima, na majirani zetu Wamijikenda wana mweria wao wa kulimiana mashamba. Maneno haya hayasifu moyo wa mtu mmoja. Yanataja nani anadaiwa nini na nani. Ninaona ajabu kwamba hojaji zinazodai kuchunguza jamii zimeyapita yote na kulichukua neno linalomhusu mtu na nafsi yake.

Vitabu tutakavyovitazama havikutumia istilahi hii, na labda hiyo ndiyo faida yao. Cha kwanza ni cha David Parkin juu ya Wagiriama wa sehemu za Kaloleni, kilichotoka mwaka 1972 kwa jina la Palms, Wine, and Witnesses. Hiki ni kitabu cha maendeleo ya kijiji kwa maana kamili. Mbata ilikuwa imepata soko, minazi ikawa mali, na baadhi ya vijana wenye bidii wakaanza kuwanunulia jirani zao minazi na ardhi, mara nyingi pale jirani alipobanwa na gharama za mazishi au mahari. Kwa kuwa hapakuwa na hati, ununuzi ulisimama juu ya ushahidi wa wazee, na wazee hupatikana kwa kukaa nao na kunywa nao tembo. Parkin aliona kwamba baadhi ya wanunuzi hao walipatwa na maradhi ya pepo ambayo tiba yake ilikuwa kuingia Uislamu, na kwa hivyo wakawa na udhuru wa kutokula wala kunywa pamoja na wale waliokuwa wakiwageuza mafukara. Mtu anaweza kubishana na ufafanuzi huu, hasa Mwislamu atakayeona dini yake imefanywa kichaka cha kujifichia. Hata hivyo, nguvu ya kitabu iko wazi. Kijiji kile kile kilikuwa kikiendelea na kikianguka kwa wakati mmoja, na anayetaka kujua ni nani aliyeinuka hana budi kuuliza pia ni nani aliyeuza.

Parkin anatuacha Kaloleni, mwendo mfupi tu kutoka kisiwani, lakini kisiwa chenyewe hakionekani sana katika hesabu zake. Upungufu huu ulizibwa na Justin Willis mwaka 1993, katika kitabu chake cha historia ya Mombasa, Waswahili na Wamijikenda. Hoja yake kubwa ni kwamba mji na mashamba havikuwa vitu viwili. Majina ya Thenashara Taifa yanatosha kuwa dalili. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Na katika Tisa Taifa mna Wajomvu, Wamtwapa na Wakilifi, majina ambayo yote ni ya mahali nje ya kisiwa. Watu wa bara walikuwa na wenyeji wao mjini, na watu wa mjini walikuwa na mashamba na marafiki bara. Hata jina la Mijikenda, ambalo leo tunalichukulia kuwa la tangu na tangu, Willis anaonyesha kwamba lilishika nguvu katika miaka ya 1930 na 1940, baada ya serikali ya kikoloni kujitahidi kumtenga mtu wa bara na mwenyeji wake wa mjini ili kazi yake na makazi yake vipate kudhibitiwa.

Mtetezi wa istilahi mpya angeweza kuirukia hoja hii kwa furaha, akasema: tazameni, mtandao wa kale wa kusaidiana! Lakini hapa ndipo panapotakiwa uangalifu. Katika njaa ya Mwakisenge, karibu na mwaka 1884, watu wa bara walishuka Mombasa kutafuta nafaka, na waliokuwa hawana cha kulipa waliweka watoto na jamaa zao rehani kwa watu wa mjini. Baadhi yao walikombolewa mvua iliporudi. Wengine hawakukombolewa, wakageuka watumwa au wakauzwa mbali, mambo ambayo Fred Morton pia ameyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya watumwa watoro na walioachwa huru wa pwani. Njaa nyingine, ya miaka ya 1898 hadi 1900, inakumbukwa kwa jina la Magunia, kwa sababu ya magunia ya nafaka yaliyoletwa. Kaya iliyompeleka binti yake mjini mwaka 1884 na ikaishi ilikuwa imeinuka tena, kwa kipimo chochote cha Holling. Binti ndiye aliyekuwa bei yake. Utafiti unaopima kaya pasipo kumpima kila aliyemo ndani yake ungeliandika jambo hili kuwa ni mafanikio.

Ni kwa sababu hii kwamba ninakiweka mbele kitabu cha tatu, ambacho wachunguzi wa maendeleo hawakihesabu kuwa chao. Sarah Mirza na Margaret Strobel walikusanya masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, wakayatoa kwa Kiingereza mwaka 1989, na mwaka 1991 yakatoka kwa lugha iliyosimuliwa kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili. Wasimulizi ni Kaje wa Mwenye Matano, aliyezaliwa karibu na mwaka 1890 katika jamaa iliyokuwa na watumwa. Mishi wa Abdala, mzawa wa watumwa, ambaye alikuwa kungwi. Na Shamsa Muhammad Muhashamy, aliyezaliwa mwaka 1919 katika watu wa tabaka la juu. Yule ambaye nyanya yake huenda aliletwa kwa jahazi au kwa rehani, na yule ambaye nyumba yao ilikuwa na watu wa namna hiyo, wamewekwa katika jalada moja, kila mmoja na kauli yake. Nionavyo mimi, mpango huo peke yake ni hoja ya kielimu kuliko sura nyingi za nadharia.

Strobel alikuwa amekwisha kuandika juu ya mambo hayo hayo katika kitabu chake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, kilichotoka mwaka 1979, na msomaji atafaidika akivilinganisha viwili hivi. Chukua lelemama. Katika kitabu cha 1979, vyama vya ngoma ni ushahidi: vyawaunganisha waungwana na wazawa wa watumwa, vyafundisha uongozi na uchangaji wa fedha, na katika miaka ya 1950 wanawake waliolelewa katika mazingira hayo wanaingia katika vyama vya elimu na kudai haki ya kura kwa wanawake Waarabu. Ni hoja iliyojengwa vizuri. Katika masimulizi, ngoma hairudishwi katika hoja. Ni mashindano ya watu wenye majina, yenye gharama, fahari na uchungu wake, na msikilizaji anatambua kwamba aliyechanga hakuchanga kwa ajili ya kujenga jamii. Alichanga kwa sababu upande wa pili ulikwisha kuchinja. Wakubwa wa serikali waliyaita matumizi hayo ubadhirifu, na sidhani kama jedwali la ustahimilivu lingeyaita vingine. Pesa zilizotumiwa kwa ngombe na halua hazionekani popote kuwa akiba. Kumbe akiba ilikuwa ni ule uzoefu wa kuitana na kuitikiana, ambao ulibaki hata ngoma zilipofifia.

Kitabu hiki nacho kina mipaka yake. Kilichapishwa Bloomington, Indiana, wala si Mombasa wala Nairobi, na kwa hivyo maneno yaliyosemwa mitaa michache kutoka Ngome ya Yesu yalisafiri mbali kabla ya kuwa kitabu. Aidha wasimulizi wote watatu ni wa Mombasa. Mwanamke wa Rabai au wa Jomvu aliyeleta nazi na makuti hakupewa nafasi ya kueleza mji ulimwonaje. Na Marc Swartz, ambaye kitabu chake juu ya Waswahili wa Mji wa Kale kilitoka mwaka huo huo wa 1991, alilichunguza neno aibu kwa makini ya kupigiwa mfano, akaonyesha jinsi linavyoongoza mwenendo wa watu. Lakini naye alibaki ndani ya mitaa ya mji, kama kwamba Marikiti haikujazwa kila alfajiri na watu waliovuka Likoni.

Mpaka huo huo umerithiwa na siasa za leo. Katika mpango wa Kenya wa kukomesha maafa ya ukame, kaunti 23 zilihesabiwa kuwa za ukame, na ndani yake zimo Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River na Lamu. Mombasa haimo. Kwa upande wa mvua, hesabu hiyo ni sawa. Lakini mvua ikikosekana Ganze au Kinango, kuna chumba Mji wa Kale au Majengo kitakachoongezwa watu wawili, na kuna mfanyakazi wa bandarini atakayegawa ujira wake mara mbili. Yeye ni sehemu ya kukwamuka kwa kijiji, wala hojaji ya kijiji haimfikii.

Idara za lugha zimezoea kuitwa mwishoni, hojaji ikiwa imekwisha kuandikwa, ili zitoe Kiswahili chake kwa siku mbili. Ingefaa ziitwe mwanzoni, kabla swali halijapata umbo. Lau mwandishi wa makala haya angeulizwa, angelifuta neno ustahimilivu katika hojaji za pwani na mahali pake akaandika: mara ya mwisho mlipokwama, ni nani aliyewakwamua, na ni nani aliyelipa? Swali hili lingeulizwa kijijini, kisha mtafiti angepanda matatu na kwenda kumwuliza pia huyo aliyetajwa, kisiwani. Majibu hayataenea katika kisanduku cha ndiyo au la, na itabidi yaachiwe ukurasa.