Shahidi Aliyewekewa Maneno Kinywani

Mwaka 1726 Johann Jakob Scheuchzer, daktari wa mji wa Zürich huko Uswisi, alichapisha kijitabu cha Kilatini ambacho jina lake kwa lugha yetu ni “Mtu, Shahidi wa Gharika”. Kilieleza mifupa iliyoonekana katika jiwe kutoka Öhningen, kusini mwa Ujerumani: fuvu, matundu ya macho, uti wa mgongo. Kwa Scheuchzer, huyo alikuwa mwenye dhambi wa siku za Nuhu, aliyehifadhiwa jiweni ili atuonye.

Wapendwa, tusimcheke. Walikuwapo watu waliodai kwamba visukuku ni michoro tu iliyojitokeza yenyewe maweni. Yeye alitetea kwamba ni mabaki ya viumbe vilivyoishi, na hapo alikuwa sahihi. Kosa la kijitabu chake ni lingine. Mwandishi ni daktari, anayajua mafuvu ya binadamu. Hili la jiweni ni bapa na pana mno, lakini yeye analisoma mfupa kwa mfupa akiwa amekwisha kuamua ni la nani. Sisi wahubiri tunaijua dhambi hiyo. Jumamosi usiku unapata kisa kizuri, unakipunguza hapa na pale mpaka kitoshe mahubiri ya kesho.

Mwaka 1811 Georges Cuvier, mtaalamu Mfaransa, aliruhusiwa kulichonga jiwe lile katika makumbusho ya Teyler, Haarlem, Uholanzi. Miguu ya mbele ikajitokeza. Ilikuwa ya salamanda mkubwa, kiumbe mwenye umbo la mjusi na ngozi laini kama ya chura. (Cuvier mwenyewe hakukubali kwamba viumbe hubadilika kutoka aina moja kuwa nyingine, kwa hiyo asidhaniwe alikuwa akitetea nadharia hiyo.)

Watafiti wa leo huuliza vyura na salamanda walitoka wapi. Mwaka 2008 walieleza kisukuku cha Texas, Marekani, chenye umri wa miaka milioni 290 hivi, wakakiita Gerobatrachus: fuvu pana kama la chura, na mifupa ya kifundo cha mguu iliyoungana kama ya salamanda. Kuhusu amfibia wasio na miguu, wale waishio udongoni ambao wengi hudhani ni nyoka, wamebishana kwa miaka mingi, na ubishi wao wameuchapisha waziwazi. Ukurasa kama huo Scheuchzer hakuuandika.

Amri ya nane inakataza ushahidi wa uongo, na sioni kwamba inatoa ruhusa pale uongo unapoitetea Biblia.

Nasema hivi kwa sababu kijana mmoja wa kipaimara aliwahi kuniuliza habari za visukuku. Nilimjibu kwa sauti ya mamlaka kwamba vyote vimetungwa na watu wasiomwamini Mungu. Sikuwa nimesoma lolote. Akainamisha kichwa akaandika jibu langu kwenye daftari, na mpaka siku ya kubarikiwa hakuniuliza swali jingine.