Sekunde 60 za Tusome: Daftari la Kusoma Lililoingia Darasani

Mtoto amekaa mbele ya afisa, ameshika karatasi yenye hadithi fupi. Afisa anagusa alama ya saa kwenye kishikwambi na mtoto anaanza kusoma kwa sauti. Kila neno analolikosea, afisa analigusa nalo linabadilika rangi. Dakika moja ikitimia, afisa anagusa neno la mwisho lililosomwa na matokeo yanatokea papo hapo. Mtoto akiimaliza hadithi mapema, programu inachukua maneno aliyoyasoma sawasawa, inayagawa kwa sekunde alizotumia, kisha inazidisha kwa 60. Maneno 40 kwa sekunde 50 huandikwa 48 kwa dakika.

Hivyo ndivyo usomaji wa watoto ulivyorekodiwa katika Tusome, mpango wa Wizara ya Elimu ya Kenya ulioanza kote nchini mwaka 2015 kwa ufadhili wa Marekani na Uingereza, baada ya majaribio ya mradi uliotangulia wa kusoma, PRIMR. Programu yenyewe ni Tangerine, iliyotengenezwa na taasisi ya RTI International ya Marekani, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuutumia. Wengi wakiitaja Tusome hukumbuka vitabu, kwa kuwa lengo lilikuwa kila mtoto awe na chake. Mimi naona jambo lililofikiriwa vizuri zaidi ni daftari hili la kielektroniki, na hasa uamuzi wa nani alishike.

Hakupewa mwalimu. Mwalimu wa darasa la kwanza ana watoto wengi, chaki mkono mmoja na kiongozi cha mwalimu mkono wa pili. Ukimwongezea kishikwambi cha kujaza, unampunguzia dakika za kufundisha. Waliopewa ni maafisa wa mtaala wanaoitwa CSO, zaidi ya 1,000 nchini, ambao kila mmoja ana shule zake za kutembelea. Kabla ya hapo kazi yao ilikuwa imemezwa na makaratasi na mikutano. Kukaa na mwalimu darasani na kumsikiliza akifundisha kulikuwa kwa nadra, na nauli ilikuwa sehemu kubwa ya tatizo.

Afisa alipofika darasani, kwanza alifuatilia somo: je, mwalimu anafuata hatua za kiongozi? Vitabu viko mikononi mwa watoto au vimefungiwa kabatini? Somo likiisha, aliwachagua watoto 3 bila kupendelea na kuwasikiliza wakisoma. Watoto 3 hawatoshi kulihukumu darasa, wala hawakuwekwa kwa ajili hiyo. Wanatosha kumwonyesha mwalimu, siku hiyo hiyo, kama somo limefika, na matokeo ya ziara nyingi yakikusanywa yanatoa picha ya eneo zima. Kisha programu ilimpa afisa mambo ya kuzungumza na mwalimu kutokana na alichokiona.

Hapo ndipo penye uzito wa kazi yote. Rekodi nyingi za shule husafiri kwenda juu: mwalimu anajaza, mkuu anasaini, wizara inapokea, na aliyejaza hasikii tena habari zake. Rekodi ya Tusome ilianza kutumika darasani kabla haijapelekwa popote. Mwalimu alipata jambo la kurekebisha kesho yake asubuhi, hata kama mtandao haukupatikana wiki nzima.

Mtandao nao ulipangiwa. Tangerine huhifadhi kila kitu ndani ya kishikwambi na kukituma baadaye, afisa anapofika penye mawimbi. Rekodi iliambatana na mahali ilipochukuliwa kwa njia ya GPS, na marejesho ya nauli yalitegemea ziara zilizotumwa. Wakubwa wa kaunti waliweza kuona ni ziara ngapi zimefanyika na watoto wanasomaje.

Napongeza mpango huo, lakini una udhaifu ambao haufai kufunikwa. GPS inathibitisha kwamba kishikwambi kilifika shuleni. Haithibitishi kwamba mazungumzo na mwalimu yalikuwa na maana. Na malipo yakihesabiwa kwa idadi, shule iliyo kando ya lami inavutia kuliko ile ya ng'ambo ya mto. Atakayeunda mfumo kama huu lazima aangalie ni shule zipi zimekaa muda mrefu bila mgeni, asiridhike na jumla ya ziara.

Kuna suala la lugha pia, nalo linatuhusu sisi wa Kiswahili moja kwa moja. Kipimo cha Kenya kilimhesabu mtoto kuwa anasoma kwa ufasaha akifikisha maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza, lakini 45 kwa Kiswahili. Asiyejua atadhani Kiswahili kimeshushiwa kiwango. Sivyo. Neno letu hubeba mzigo mkubwa: "walipotufikia" ni neno moja, ilhali Mwingereza anahitaji manne kusema jambo hilo hilo. Mtoto anayesoma maneno 45 ya namna hiyo amepitia silabi nyingi mno. Programu inayohesabu maneno bila kujua umbo la lugha humwonea mtoto.

Lafudhi nayo ina kanuni yake katika upimaji wa aina hii: matamshi yanayotokana na lugha ya nyumbani hayahesabiwi kosa. Kanuni hiyo haiwezi kutekelezwa na skrini. Inamtaka afisa aliyefunzwa, na anayeijua lugha ya mahali alipo.

Kwa hiyo nawaomba wanaotengeneza programu za shule katika Kiswahili, Dodoma, Nairobi au Bujumbura, msitosheke na namba ya maneno kwa dakika. Kila neno lililoguswa limeshaingia katika kumbukumbu ya kishikwambi. Mwonyesheni mwalimu maneno yenyewe. Akijua kwamba watoto wake wawili kati ya watatu wamekwama kwenye "ng'ombe" na "ng'ambo", atajua kesho aandike nini ubaoni. Namba kama maneno 31 kwa dakika peke yake haimwambii hilo.