Asilimia ya Nani? Uhakiki wa Tathmini ya Vifaa vya Afya vya Kidijitali

Wanafunzi wetu wa isimujamii hufundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba neno halikamiliki maana nje ya muktadha wake. Wanaotathmini kompyuta zinazosoma picha za kitabibu nao wanalihitaji somo hilo. Mara nyingi mtambo husifiwa kwa asilimia moja tu ya usahihi, bila kuelezwa ilipatikana kwa nani, wapi na katika mwanga gani.

Mfano mzuri ni utafiti wa Emma Beede na wenzake wa Google, uliochapishwa mwaka 2020. Walifuatilia zahanati 11 nchini Thailand zilizotumia mtambo wa kutambua madhara ya kisukari machoni. Maabarani mtambo ulikuwa umefanya vizuri sana. Zahanatini, kati ya picha 1,838 za miezi sita ya mwanzo, asilimia 21 zilikataliwa kwa kutofikia kiwango. Vyumba vingi havikuwa na giza la kutosha. Sifa ya utafiti huo ni kwamba uliwasikiliza wauguzi na kuyaandika hayo waziwazi. Kasoro ni ya desturi nzima: mambo hayo yalijulikana mtambo ukiwa tayari mbele ya wagonjwa.

Tuupeleke mtambo kama huo Pundanhar, wilayani Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Picha ikikataliwa, mgonjwa huambiwa aende hospitali ya mbali. Katika mkoa wenye vita tangu Oktoba 2017, ambako shambulio la Palma la Machi 2021 liliwakimbiza maelfu ya watu, safari hiyo si jambo dogo. Kwa hiyo picha iliyokataliwa ihesabiwe kuwa mtambo umeshindwa, isiachwe nje ya hesabu.

Kisha kuna lugha. Kireno ndicho lugha rasmi, lakini eneo hilo lina Kimakwe, ambacho Maud Devos alikiandikia sarufi mwaka 2008, pamoja na Kimakonde na Kiswahili. Ng'ambo ya Ruvuma, tafiti za Bagamoyo za miaka ya 1990 zilionyesha kuwa wazazi wengi hawakuihusisha degedege na malaria, bali walimpeleka mtoto kwa mganga. Dodoso la simu likimwuliza mama kama hao, "Je, mtoto ana malaria?", atajibu "hapana" kwa unyoofu, na kompyuta itaandika kosa.

Wapo watakaosema kwamba wataalamu ni wachache, tusichelewesha huduma. Hoja hiyo ina uzito. Lakini watafiti wa Makerere, waliofundisha kompyuta kutambua vimelea vya malaria kwa simu iliyofungwa kwenye hadubini, walianzia kwenye vifaa na uhaba wa wataalamu wa kwao Uganda. Kuanza na muktadha hakukuwazuia kufanya kazi.

Walimu na wanafunzi wa Kiswahili tusijione wageni katika suala hili. Kabla dodoso halijapelekwa kijijini, lipitie kwetu na kwa wasemaji wenyewe. Na tunapotajiwa asilimia, tuulize: ya nani?